Kijiko Kikombeni

Mume wangu Eilert ana figo moja. Nyingine ninayo mimi. Alinipa miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ya Jumatano, na alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna chai. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo kwa kirefu. Sisi watu wa nyuma ya tuta la bahari hatuna mazoea ya kuzungumza kwa kirefu. Nikimwambia asante zaidi ya mara moja kwa mwaka, Eilert huinuka na kusema anakwenda kuangalia kondoo, na sisi hatuna kondoo.

Nimeanza na hilo ili mjue kwa nini jiwe la figo lilipomshika sikuwa na subira wala adabu.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, saa ya chai. Theda, wifi yangu, dada mkubwa wa Eilert, alikuwa amekuja kama anavyokuja kila siku, na ndiye aliyeshika buli kwa sababu hajawahi kumwachia mtu mwingine. Eilert alikuwa kwenye kikombe cha pili. Akakiweka chini, akasema, "Nimekaa vibaya." Akasimama. Akakaa tena, akasema kiti kibovu. Kisha akajilaza sakafuni, magoti kifuani, uso umegeuka rangi ya jibini.

"Kaka, unatafuta nini huko chini?" Theda akauliza.

"Hakuna."

"Basi inuka, chai inapoa."

Hilo lilikuwa jiwe la tatu ndani ya mwaka mmoja. La kwanza alisema ni mgongo. La pili lilimtoka pembeni ya mfereji akiwa peke yake, akaja kunieleza baada ya wiki mbili, tena kwa bahati mbaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia. Akanijibu kwamba hakuficha, ila hakuulizwa. Safari hii nilimkokota hadi kwenye gari, nikamfunga mkanda kama mtoto, na njia nzima hakutoa sauti isipokuwa kunikumbusha kuna kona mbele.

Hospitali ya mjini tulimkuta Dakta Brandl, mama wa makamo kutoka kusini, kwenye milima, mtu wa kahawa. Alimpa Eilert sindano ya maumivu, akaangalia picha, akasema jiwe lina milimita tano na liko chini karibu na kutoka. Mkojo bado unapita pembeni yake.

"Mwenye figo mbili ningemwambia avumilie tu," akasema. "Wewe huna ya pili. Likiziba kabisa, figo yako inakufa, na hapo ni mashine ya kusafisha damu. Mkojo ukikata, mje mbio, hata iwe mkesha wa Krismasi. Lisipotoka kufikia Jumatatu, naingia na chombo kulitoa."

Kisha akatupa kazi tatu. Eilert anywe lita tatu za maji kwa siku. Kila tone la mkojo lichujwe, ili jiwe lipatikane likapimwe, maana yale mawili ya kwanza yalipotea na bila kujua yanatokana na nini hawezi kuyazuia yasirudi. Na tuandike kila kitu anachokula na kunywa kwa siku nzima, bila kuacha.

Tuliiandika orodha siku hiyo hiyo, mezani, sisi watatu, tukinywa chai. Mkate. Jibini. Viazi. Samaki. Supu ya njegere.

"Mchicha?" nikauliza.

"Mimi ng'ombe?"

"Karanga? Kakao?"

"Siku ya harusi ya mpwa wako, kidogo."

"Maji glasi mbili," nikaandika.

"Hatujasahau kitu?" Theda akauliza, akijaza vikombe.

Tukafikiri. Hatukuwa tumesahau kitu.

Kwetu chai ina taratibu. Kwanza kipande cha sukari ya mawe chini ya kikombe, kisha chai nyeusi ya kumwagwa juu yake mpaka sukari ipasuke na kulia, kisha malai kidogo pembeni. Haikorogwi. Kijiko kina kazi moja tu: ukikitia ndani ya kikombe, umesema inatosha. Usipokitia, mwenye buli ataendelea kumimina, na hatakuuliza. Na hakuna anayekitia kabla ya kikombe cha tatu. Tuliwahi kupata mchungaji mpya aliyetia kijiko baada ya kimoja, nyumbani kwa Theda. Jumapili iliyofuata tulikuwa tisa kanisani, tukihesabu na mpiga kinanda, ambaye analipwa.

Wiki ikaanza. Chujio la hospitali lilikuwa la karatasi na Eilert alilikalia siku ya kwanza, kwa hiyo nikampa la chai, la fedha, la marehemu mama yake. Kila asubuhi nilijaza jagi la lita tatu nikaliweka mbele yake kabla sijaenda kazini maktaba, na kila jioni nililikuta tupu. Nilifurahi. Mimi mwenyewe hunywa lita tatu kila siku tangu nipewe figo yake, naandika kwenye daftari, na sijakosa siku moja. Figo yake iliyo kwangu imelelewa kuliko watoto wa mkuu wa wilaya.

Jioni nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa choo.

"Limetoka?"

"Bado."

"Umechuja?"

"Okka, mwanamume hawezi kufanya kazi amesimamiwa."

"Miaka thelathini na moja umesimamia pampu ya kutoa maji mashambani. Ulikuwa unaamka usingizini ikibadilisha mlio. Nami nasikiliza yangu."

Kisha nikasikia anachuja.

"Wifi," Theda akaniita toka jikoni, "chujio la mama liko wapi?"

"Liko kazini," nikamjibu.

Jumamosi mchana jiwe likasogea. Nilimjazia beseni la kuogea maji ya moto, akaingia, akauma taulo. Mtu huyu alitolewa figo akalalamikia chai tu, lakini siku hiyo nilimsikia akilia, sauti ndogo kama ya mtu anayetafuta funguo. Nikapiga magoti kwenye vigae, nikamshika kichwa kisizame. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku zangu zote za mashine, kwa sababu siku zile mgonjwa nilikuwa mimi na mgonjwa ana shughuli zake. Anayekaa pembeni hana la kufanya.

"Ningeweza kukurudishia ningekurudishia leo," nikamwambia.

Akatoa taulo mdomoni. "Si yangu tena. Na usiniletee habari za mirathi nikiwa na maumivu."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikiwa kwenye kigoda changu, nikasikia ti! Sauti moja. Mlango ukafunguliwa, Eilert akatoka na chujio amelishika mbele kama anapeleka sadaka. Ndani kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hiki ndicho?" akasema. Alikuwa amefedheheka. "Mimi nilidhani tofali."

Nilimkumbatia. Akaniacha nimshike kwa muda mrefu kiasi, kisha akasema kuna kondoo.

Tukalipeleka jiwe, na baada ya siku kumi Dakta Brandl akatuita. Mbele yake alikuwa na majibu na orodha yetu, na alikuwa anavitazama kama mtu aliyeuziwa viatu vya mguu mmoja.

"Jiwe hili linatokana na chumvi iliyomo kwenye mchicha, karanga, kakao na chai nyeusi," akasema. "Nimeisoma orodha yenu mara nne. Hamna hata kimoja. Hii ni orodha ya malaika."

Nilihisi masikio yanapata moto.

"Chai," nikasema.

"Chai ipo?"

"Ipo."

"Mbona hamkuiandika?"

Nikamtazama Eilert, naye akanitazama.

"Hata hewa hatukuandika," Eilert akasema mwishowe.

"Vikombe vingapi kwa siku?"

"Vya kawaida."

"Kawaida ni vingapi, bwana?"

Akahesabu kwa vidole. Asubuhi vitatu. Saa tano vitatu. Saa tisa vitatu. Jioni vitatu. "Kumi na viwili. Akija mgeni sijui."

Dakta akaweka kalamu chini. "Na zile lita tatu nilizokuagiza?"

"Nilimaliza zote, kila siku," Eilert akajibu kwa heshima zake zote.

"Lita tatu za maji?"

"Yalikuwa maji," akasema, "yalipoingia kwenye birika."

Hapo nikajua jagi langu lilikuwa linakwenda wapi. Wiki nzima nimemnywesha mume wangu jiwe la nne kwa mkono wangu mwenyewe, nikatia alama ya vema kwenye daftari. Mtu mwenye miaka kumi na mmoja ya kusomea figo. Ningeweza kujizaba kofi.

Dakta akatoa amri: kikombe kimoja kwa siku, chenye maziwa mengi. Mengine yote maji. "Jiwe lijalo linaweza kukaa vibaya zaidi," akasema. "Sitanii."

Garini, tulipotoka mjini, Eilert aliinua kidole.

"Kimoja," akasema.

"Kimoja."

"Nitamwambia nini Theda? Kijiko baada ya kimoja, kwenye buli lake? Unamkumbuka mchungaji?"

"Namkumbuka."

"Alihamishwa, Okka."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Afadhali nivumilie mawe. Nimeshayazoea."

Nikasimamisha gari ukingoni mwa mfereji. Trekta nyuma yetu likapiga honi. Likanizunguka likaenda zake. Nilimpigia mume wangu kelele kwa mara ya kwanza tangu tuoane, madirisha yakiwa wazi. Nilimwambia hana haki ya kuzoea. Nilimwambia kila asubuhi nikiamka salama najua nimeamka kwa nyama ya mwilini mwake, na kwamba sikupewa uhai ili niutumie kumsindikiza yeye kwenye mashine, eti kwa sababu anamwogopa dada yake. Nikamwambia nampenda, mjinga mkubwa yeye. Kisha maneno yakaniishia, nikabaki nimeshika usukani.

Eilert alikuwa anatazama mfereji. Maji yalikuwa yanaenda vizuri.

"Twende," akasema. "Saa tisa inakaribia."

Nikaona hakusikia hata neno moja. Niliendesha huku nimekaza meno.

Theda alikuwa ameshaandaa meza. Chujio la mama lilikuwa mahali pake juu ya sahani, limechemshwa mara saba, kwa taarifa yake mwenyewe. Akamimina. Sukari ikalia. Eilert akamwomba maziwa, mengi, na Theda akampa akimtazama kwa jicho la pembeni. Eilert akanywa taratibu sana, mpaka tone la mwisho. Theda akashika buli.

Eilert akachukua kijiko akakitia kikombeni.

Kililia kidogo tu, lakini sote tulisikia. Theda akabaki na buli hewani. Akakitazama kijiko, kisha akamtazama ndugu yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna."

"Chai yangu ina nini?"

"Haina kitu, dada. Ni mimi. Chai inaleta mawe."

"Mama alikunywa chai miaka tisini na mbili!"

"Mama alikuwa na figo mbili."

"Nawe unayo moja, nayo ni yako, ufanye utakavyo. Basi kunywa!"

"Si yangu," Eilert akasema. Alikuwa anakisemesha kikombe. "Hii ni ya akiba. Ile ya Okka ina miaka kumi na mmoja kazini, na dakta alituambia tangu mwanzo haidumu milele. Ikichoka, tutatoa wapi nyingine?"

Saa ya ukutani ilipiga tisa. Siku zote inachelewa.

"Hawawezi kukutoa ya pili, Eilert," nikasema. "Utakufa. Hakuna daktari duniani atakayekubali."

"Hilo nitazungumza nao siku hiyo ikifika," akasema. "Mimi kazi yangu ni kuitunza."

Nikalia pale pale mezani, machozi yakaingia kwenye malai. Eilert akageuka dirishani, akaanza kuinuka.

"Kaa chini," Theda akamwambia. "Huna kondoo."

Akakaa. Theda akaweka buli juu ya kibao, akachukua kijiko chake, akakitia kikombeni, naye alikuwa hajanywa hata kimoja. Nami nikatia changu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na jagi la maji ya bomba, akasuuza kikombe cha ndugu yake, akakijaza mpaka ukingoni.

"Na haya nayo ni vitatu?" akauliza.

"Vitatu," Eilert akasema. "Sisi si washenzi."