Roboti Iliyobaki Kilindini

Salha Mbarouk alijitupa kitandani mchana kweupe, chumbani mwake melini, na usingizi ukamchukua akiwa bado na viatu miguuni, maana moyo wake ulikuwa umechoka kuliko mwili. Yeye ndiye aliyeiongoza roboti ya kuzamia ya meli ile ya utafiti. Asubuhi, msaidizi wake Kheri alimsihi, "Dada, mkondo una nguvu, tuipandishe." Akakataa; alitamani kulichungulia korongo moja zaidi. Kebo iliyoiunganisha roboti na meli ikasagika mwambani, ikakatika, roboti ikapotelea chini. Mkuu wa msafara alipouliza, Salha akajibu kwamba Kheri ndiye aliyelegeza kebo. Kheri alimtazama tu, akaamriwa afunge mizigo.

Ndotoni alijiona akizama, maji yakigeuka buluu, kisha meusi, hata akatua penye mji usiojua jua. Langoni akapokewa na bwana mtanashati aitwaye Kisingizio, mwenye taa iliyomulika nyuso za watu wote isipokuwa uso wa aliyeishika. "Ishike, bibie," akambembeleza. "Kijana yule atapata kazi kwingine. Wewe ukianguka, nani atakuinua?" Salha akaipokea, na papo hapo asiione miguu yake mwenyewe. Alipopapasa gizani, mkono wake ukakutana na mkono wa mwanamke aliyebeba kebo iliyokatika begani. "Mimi ni Amana," mwanamke akasema. "Zima hiyo taa, mwanangu, unifuate." Wakaifuata kebo mpaka roboti ilipolala ubavu, na katika kioo cha jicho lake Salha akauona uso wa Kheri, ukimtazama vilevile kama asubuhi. Akaishika roboti kwa mikono miwili, akaivuta huku akilia, haikutikisika.

"Hiyo iache," Amana akamwambia. "Bahari haifichi kitu, inakitunza tu. Kilichokatika kule juu ndicho kinachokungoja."

Akazinduka, mto umelowa, na maana ikamwingia kama maji ya baridi. Hakunawa hata uso. "Mkuu, Kheri hana kosa," alisema mlangoni kwa mkuu. "Alinionya, nikakaidi. Kisha nikamsingizia."

Mkuu akamwonyesha upande wa sitaha. "Kamwambie mwenyewe. Mashua inamsubiri."

Akamkuta Kheri sitahani, begi mkononi. Akamweleza yote, akamwomba radhi akimnyooshea mkono. Kheri hakuupokea mkono wake.

"Mama yangu ameshapigiwa simu, dada," alisema taratibu. "Ameambiwa mwanawe ni mzembe."

Salha akatoa simu yake. "Nitajie namba."