Mkono Kando ya Sufuria

Ofisini walimwita Kasuku, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Binti huyo alianza kusema kabla hajavuka kizingiti. Sasa kazi yake, ya kubuni upya kurasa za duka la mtandaoni, ina sharti moja la kikatili kwa watu wa aina yake: unamkalisha mnunuzi mgeni mbele ya kompyuta, unampa kitu cha kutafuta, kisha unafunga mdomo. Ukimsaidia hata kwa kukohoa, jaribio limeharibika.

Duka liliuza sufuria. Zilinunuliwa vizuri, ila zilirudi. Ndogo mno, kubwa mno. Maboksi yalirundikana hadi yakaziba dirisha. Mama mwenye duka alikuwa amechoka. "Kipya kinyemi," alimwambia Kasuku, "ila mimi sitaki kinyemi, nataka sufuria zisirudi. Ijumaa niletee wageni watatu, wachague sufuria ya kupikia watu wanane bila msaada. Mmoja akikosea, narudisha ukurasa wa zamani na mimi na wewe tunaagana."

Jumatatu Kasuku alimkalisha muuguzi mbele ya ukurasa mpya. Dada wa watu akasoma kwa sauti, "Sentimita ishirini na nane," maandishi ambayo Kasuku alikuwa ameyakuza mara mbili. Kisha akatanua mikono hewani, mara kama ameshika bakuli, mara kama ameshika beseni. Akachagua ndogo. Kasuku alijiuma ulimi mpaka machozi yakamlenga. Baadaye akaja dereva. Naye akasoma, naye akatanua mikono, naye akakosea.

Hapo akili ikamfunguka, akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Sentimita ni za fundi seremala. Mpishi anapima kwa mikono. Na pale pichani sufuria ilikaa peke yake kwenye weupe mtupu, inang'aa, haina hata kijiko cha kuilinganisha nacho. Alikimbilia stoo, akachomoa sufuria ndogo na kubwa kwenye maboksi, akaweka kiganja chake kando ya kila moja na kumwita mpiga picha.

"Na kucha hizo?" mpiga picha akauliza.

"Piga tu, kaka, kabla sijafa kwa furaha."

Ijumaa, wa kwanza akapatia. Wa pili akapatia. Mama mwenye duka akasogeza kiti nyuma yao. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, aliyesema tangu mlangoni kwamba vitu vya mtandaoni haviamini hata kidogo. Akaitazama sufuria ndogo. Kidole kikaelea juu yake. Kasuku alitamani kukohoa. Kikohozi kimoja tu, nani angejua? Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Yule mama akarudisha kidole. Akalaza mkono wake mezani, akautazama, akautazama ule wa pichani, kisha kwa mkono wa pili akachora duara pale mezani. "Mkono uko hapa, sufuria inaishia hapa," akajisemea. "Hapana. Hii ni ya watu wanne, na hao wanne wawe wameshiba." Akafungua kubwa, akachora tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na nikitaka kuichukua kweli," akageuka, "nabonyeza wapi, mwanangu?"

Kasuku hakumjibu, sharti ni sharti. Fundi akamshangaa, akarudi kwenye kompyuta, akatafuta mwenyewe, akabonyeza. Sufuria ikanunuliwa.

Nyuma yao mama mwenye duka alikohoa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Zimebaki sufuria thelathini na tisa za kupigwa picha," akasema. "Huo mkono upake mafuta."

Kasuku akacheka huku analia, kisha akaanza kusema, na siku hiyo hakuna aliyemwambia anyamaze.