Dubu wa Darsait

Asubuhi moja ya mwaka 1968, Mahbuba alikuwa akichota maji kwenye kisima cha Marhoon, mtaa wa Darsait, aliposikia Masouda akipigwa bakora nyuma ya ukuta. Masouda alikuwa mtumwa wa Marhoon, kama mama yake kabla yake; utumwa huko ulikuwa bado haujapigwa marufuku. Wanawake wote kisimani walisikia. Waliendelea kujaza ndoo.

Mahbuba alikuwa mgeni katika nchi ile ya Waarabu, ametoka Unguja baada ya mapinduzi. Mchana alimhadithia mumewe, Ishaq, mkalimani wa kambi ya mafuta. Ishaq akamkumbuka mchimbaji mmoja kambini, Mwanishinaabe, wa kabila la wenyeji wa asili wa Kanada. Kwao, alisema, ushujaa ni moyo madhubuti: kutenda haki na huku unajua itakuumiza. Anayewafundisha ni dubu, kwa jinsi dubu jike anavyosimama mbele ya wanawe.

Alfajiri dubu jike mweusi alikuwa amekaa uani. Mahbuba akampa tende, akavaa buibui, wakaenda pamoja kwa wazee wa mtaa.

"Mnyama asikanyage mkeka," alisema bawabu. Dubu akakaa pembeni.

Mahbuba akasimama mbele ya wazee.

"Masouda anauliwa mule ndani kwa Marhoon. Nnataka aachwe huru."

"Nyinyi Wazinjibari mumekuja juzi tu," alisema Marhoon. "Leo ndiyo mtufundishe kuendesha majumba yetu?"

"Shahidi wako nani?" aliuliza mzee mmoja.

Mahbuba aliwageukia majirani waliokuja kusikiliza. Hakuna aliyefumbua mdomo. Dubu akasimama kwa miguu miwili, kichwa kikagusa boriti.

Mzee alimtazama. "Huyu jana hakuwapo. Ushahidi wake haufai."

Masouda akabaki alipo. Mahbuba akakatazwa kisima, akawa anateka maji mbali, dubu ubavuni pake, na wanawake wakimtemea mate njiani.

"Unajuta?" Ishaq alimuuliza.

"Mgongo unaniuma. Sijuti. Nikimsikia tena, ntakwenda tena."

Akaenda tena, na tena. Kila mara walimfukuza.

Dubu huyo watu walimzoea upesi. Wauza samaki walimtupia vichwa vya jodari, na Idi ilipofika Marhoon mwenyewe alimpelekea sahani ya halwa. Aliyeileta ni Masouda. Aliomba radhi mlangoni kwa kuitoa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevunjika.