Mashine Imesema Hakuwepo

Uliisikia habari hii ukageuza shingo. Usinikatalie. Uliambiwa kuna mtoto mchanga amekufa baada ya simu ya dharura kukatika, ukasema "mitandao hii bwana", ukaendelea na chai yako. Ukaambiwa mpokea simu aliacha kiti chake akaenda kuzurura, ukatikisa kichwa, ukasema wafanyakazi wa siku hizi hawana utu. Hukuuliza hata swali moja. Basi tulia usimuliwe, maana yupo mtu anayejua yote, na mpaka leo amejitia bubu.

Mtu huyo ni fundi wa kompyuta katika ukumbi wa simu za dharura, kule gari la wagonjwa linakoitwa. Ukumbi wenyewe uko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Ni chumba kirefu chenye harufu ya mpira mpya, meza zimebanana kiasi kwamba mmoja akijinyoosha anamtia jirani kiwiko cha mbavu. Kila meza ina kompyuta iliyochoka inayoendeshwa kwa programu ya Linux, kwa sababu Linux ni ya bure, na kampuni iliyopewa zabuni ya ukumbi ule inapenda cha bure kuliko chochote duniani. Simu zote zinapita ndani ya kompyuta hizo. Mpokeaji anavaa hedifoni, anabonyeza, anaongea. Kompyuta ikizimwa, au ikimtoa mtu kwenye akaunti yake, simu nayo inakufa papo hapo. Fundi alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kwake.

Meza ya dirishani alikaa dada mkubwa wa mkewe. Wenzake walimwita Mkunga wa Simu, kwa kuwa simu ya mama anayejifungua nyumbani ikiingia, hata kama imeangukia kwa mwingine, walimpungia mkono aichukue yeye. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Anasukuma kibodi mbali, anashika hedifoni kwa mikono miwili, anafumba macho, kisha anaanza kumwongoza mtu wa upande wa pili kwa sauti ya chini, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Haandiki kitu. Haangalii skrini. Anasikiliza pumzi. Fundi alipenda kumtania kwamba shemeji yake ndiye mtu pekee anayelipwa kwa kusinzia, naye akamjibu kwamba mdogo wake alikuwa na homa kali siku aliyomkubali, la sivyo wasingejuana.

Meneja wa ukumbi walimpa jina la Bwana Tija, kwa kuwa neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Asubuhi moja alimwita fundi akamwambia wakubwa wamechoka na watu wanaoacha mashine wazi na kwenda kupiga soga korido. Alitaka mashine isiyoguswa kwa dakika tatu imtoe mfanyakazi yenyewe, na iandike kwamba hayupo kazini. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaweka muda, akatia tiki, kazi ikaisha. Lakini aliacha kile kisanduku cha onyo kinachokuja na mpangilio huo. Muda unapokaribia kuisha, kisanduku kinajitokeza katikati ya skrini, kinapiga mlio, kinauliza kama bado upo, kinahesabu kurudi nyuma. Wafanyakazi wakazoea. Mlio ukilia wanatikisa mausi, soga zinaendelea.

Bwana Tija alikiona kisanduku hicho akakunja uso.

"Kitoe."

Fundi alimweleza kwamba kikitoka, mtu atatupwa nje bila kujua.

"Wewe mwizi ukitaka kumkamata, unambishia hodi kwanza?"

Fundi akacheka. Alicheka, ndiyo, kwa sababu bosi alikuwa ametoa mzaha na ajira ya fundi ilikuwa mikononi mwake. Akakaa kwenye kona yake akakiondoa kisanduku kwenye mashine zote. Kisha akajaribu, maana si mzembe. Akatazama simu ya ajali, simu ya moto, simu ya mzee aliyeanguka bafuni. Kila mara mpokeaji aliandika mtaa, akaandika namba, akatafuta gari lililo karibu. Mikono haikupumzika, na mashine haikumtoa mtu. Akaridhika. Simu ambayo mikono ya mpokeaji iko masikioni hakuijaribu. Shemeji yake mwenyewe, fundi amekaa naye meza moja ya chakula miaka nenda rudi, amemtania kwa mtindo huohuo wa kufumba macho, na bado haikumpitia akilini.

Mchana mmoja simu ikaingia. Mwanamume, nyumbani kwake, mkewe amejifungua sakafuni na mtoto halii. Mkono ukapungwa, Mkunga wa Simu akaichukua. Gari lilikuwa halijaagizwa bado, kwa kuwa kwanza alitaka mtoto apate pumzi. Mtaa angeuliza mtoto akishashika hewa. Akasukuma kibodi. Akafumba macho. Akamwambia baba amlaze mtoto chali, amfute mdomo na pua, amkaushe kwa nguvu, ampulizie pumzi ndogo, ndogo kama anayepooza uji. Baba akapuliza. Akapuliza tena. Kwa mbali ikasikika sauti nyembamba kama ya paka.

Kisha kimya.

Mkunga wa Simu alidhani baba ameshikwa na hofu. Akaendelea kumwita, macho yamefumbwa: "Baba, niko na wewe. Puliza tena. Usimwache, baba." Aliongea na hewa. Jirani yake ndiye aliyemgusa bega, naye akafumbua macho akakuta skrini inamwomba neno la siri.

Baba alipiga tena. Simu ikaangukia meza nyingine, na mpokeaji wa huko, asiyejua lolote, akaanza upya: jina lako nani, unakaa wapi, tatizo ni nini. Gari lilipofika, mama alikuwa ameegemea ukuta, mtoto yuko mapajani ndani ya taulo, na hakuna aliyekuwa akipuliza tena.

Kampuni haikuchelewa. Ilisema mashine imeandika kwamba mpokeaji hakuwepo, na mashine haina undugu na mtu. Mkunga wa Simu akasimamishwa kazi, ikaundwa kamati ya watu watatu. Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake. Hakulia. Alikaa jikoni akiwa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri usafiri, akasema haombi kutetewa, anaomba tu fundi aieleze kamati mashine inavyofanya kazi.

"Nitasema, shemeji," fundi akamjibu, na mkewe akasikia.

Asubuhi ya kikao Bwana Tija alimvutia kando. Alimtaka arudishe kisanduku cha onyo kwenye mashine ya dirishani. Hiyo tu, kwa sababu ndiyo itakayobebwa mbele ya kamati. Nyingine ziachwe zilivyo. Tija ya ukumbi mzima haiwezi kushuka kwa ajili ya mtu mmoja. Kisha, kwa upole wa kutisha, akamuuliza kama anajua nani atafungwa kwanza ikijulikana kwamba onyo liliondolewa, aliyesema au aliyebonyeza. Fundi akarudi kwenye mashine, akatia tiki. Haikumchukua hata muda wa kuvuta kiti.

Koridoni, kwenye benchi, alikuwa amekaa baba wa mtoto. Hakuna aliyemwita ndani. Alimshika fundi mkono.

"Ndugu, wewe ni wa humu? Hebu niambie. Yule dada aliondoka kweli? Maana mimi nilikuwa naisikia pumzi yake. Alikuwa anapumua na mimi."

Fundi akasema yeye ni wa kompyuta tu, mambo ya simu hayajui.

Ndani, mashine iliwekwa mezani, wote wakaitazama bila kuigusa. Kabla ya dakika ya tatu kisanduku kikajitokeza, kikalia, kikahesabu. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti ya kuchoka, akamuuliza fundi kama siku ile mashine ilikuwa imewekwa vivyo hivyo.

"Shemeji," alisema Mkunga wa Simu, "waambie."

Fundi aliinama akauchunguza waya wa umeme kana kwamba umelegea. Kisha akasema ndiyo, mwenyekiti, vivyo hivyo.

Mkunga wa Simu amefukuzwa kazi, na jalada lake liko polisi kwa kosa la uzembe uliosababisha kifo. Mdogo wake, mke wa fundi, amehamia chumba cha watoto. Fundi anawekewa chakula mezani na hakuna anayekaa naye. Kila asubuhi anapanda ngazi za ukumbi, anakaa konani, na hagusi kitu. Roho inamsuta, anasema mtu aliyemsikia akijisemea chooni. Na imsute. Roho kusuta hakujarudisha onyo kwenye meza hata moja.

Sasa ni wewe. Usingoje mwanamume yule apate ujasiri. Ukumbi unafunguliwa kwa umma mchana, panda ngazi leo. Usiombe miadi, usimwone meneja. Simama kwenye meza yoyote isipokuwa ya dirishani, mwombe mpokeaji asiye na simu atoe mikono kwenye kibodi, na utazame skrini pamoja naye kwa dakika tatu. Ikimtupa nje bila kumuuliza, usitoke. Kaa sakafuni hapo, piga simu kwa kila unayemjua, waje nao wakae, mpaka kisanduku kirudi kwenye mashine zote na fundi asimame mbele ya kamati aseme kwa kinywa chake alichofanya na nani alimtuma. Kuna mwanamke ameshikwa na uchungu wakati unasoma hapa, na mumewe anatafuta simu. Inuka, nenda.