Kiti cha Madam Mghoi

Katika kukaribisha walimu wapya, shule ya Phanice Nyanchoka, kilimani nje ya Magwagwa, haikuwa na mpinzani. Katika kuwapoteza, pia haikuwa na mpinzani. Wa kwanza alikaa muhula mmoja akaomba uhamisho. Wa pili hata muhula hakumaliza. Kila mmoja aliondoka na kuku kwapani na shukrani tele mdomoni, ndiyo maana Phanice, mwalimu mkuu, hakuelewa kabisa kosa lilikuwa wapi.

Basi alipofika Madam Mghoi, mwalimu wa hesabu kutoka milima ya Taita, walimu wakajitutumua zaidi. Walimwombea, wakampa mkungu wa ndizi na jogoo, wakamkalisha kwenye kiti cha pekee chenye mto katika chumba cha walimu. Chai ilimiminwa kwake kwanza. Akisimama aoshe kikombe, kikombe kilinyakuliwa. Akiuliza lini atapewa zamu ya kusimamia watoto, Anyona, naibu wa Phanice, alimpungia mkono.

"Wewe ni omogeni, madam. Mgeni hasumbuliwi."

Kisha wenyewe wakageukiana na kuendelea na hadithi zao kwa lugha yao ya Ekegusii, wakicheka mpaka machozi, naye amekaa juu ya mto wake akitabasamu kwa adabu.

Ijumaa moja Mghoi aliingia ofisini kwa Phanice na kufunga mlango.

"Mwalimu, naomba uniachilie. Jumatatu nataka kwenda ofisi ya elimu kuomba uhamisho."

Phanice aliwaza watoto wa gredi ya sita, ambao ndio kwanza walikuwa wameacha kuogopa hesabu. Moyo ukamshuka.

"Nani amekukosea?"

"Hakuna. Mnanipenda, naona. Lakini tangu nije hakuna aliyenituma hata chaki. Kwetu anayekalishwa hivyo ni mgonjwa, ama ni mtu wa kupita."

Tuseme kweli, Phanice alikasirika. Jogoo mzima, na bado! Alimjibu kwa mkato kwamba wataongea, akafungua droo kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Hasira ilimfuata hadi kanisani Sabato. Katikati ya mahubiri akakumbuka alivyoolewa hapa akitoka Nyamache, na jinsi mama mkwe, sherehe zikiwa hata hazijapoa, alivyomtupia kikapu na kumwambia aende kuchuma chai. Alilia siku hiyo. Lakini jioni alirudi anajua majina ya majirani wote na nani kati yao ni mvivu. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo aliifundisha kila mwaka, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, na hata siku moja haikumpitia akilini kwamba inamhusu yeye.

Jumapili alasiri walimu walikwenda kwa mwenzao Drusilla, aliyekuwa amejifungua. Walimbebea unga wa wimbi, kisha wakaingia shambani kumchumia chai, kwa maana chai ikifika haimngoji mzazi. Mghoi aliachwa sebuleni na soda, kama kawaida. Phanice akamfuata na kikapu, akasimama kwenye mlango unaotazama shamba.

"Toka huko, madam. Safu ile ni yako. Na kesho zamu ya kusimamia watoto ni yako pia."

"Mwalimu!" Anyona alishtuka. "Omogeni?"

"Hakuna omogeni hapa. Kuna chai."

Mghoi alichuma kwa bidii na kwa makosa. Anyona, ambaye hakuwahi kumsemesha bila kukohoa kwanza, alichungulia kikapu chake akasahau adabu zote.

"Ai, madam! Haya ni ya mbuzi! Chuma majani mawili na kichipukizi!"

Phanice akafumba macho. Mghoi akatia mkono kwenye kikapu cha Anyona, akatoa jani pana kama kiganja.

"Na hili la naibu ni la ng'ombe?"

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha mtoto wa Drusilla.

Jumatatu, hata hivyo, Phanice hakumwona Mghoi asubuhi. Saa ya chai ilifika, kiti chenye mto kikiwa kitupu. Alirudi ofisini akakaa, ana hakika mwalimu wake ameshafika ofisi ya elimu. Ilimuuma sana. Ndipo akasikia sauti kupitia ukuta.

"Anyona, mandazi yangu iko wapi?"

"Umechelewa, madam. Nimekula."

"Nimechelewa kwa sababu niko zamu! Watoto wako walikuwa wanapigana mferejini tangu alfajiri! Vikombe vya leo utaosha wewe. Na utoke kwenye hicho kiti!"

"Sitoki. Kina mto."

Phanice aliinuka kwenda kuwaamua. Alipofika mlangoni alibadili nia, akarudi kuketi, akawaacha wagombane.