Gari Lisilonguruma

Abudu alifungua boneti ya gari la petroli, akatega sikio injini ikinguruma, kisha akaifunga kwa kishindo cha mtu aliyekwisha kuamua. "Hili hapa. Shemeji, saini twende zetu."

Sumayiya hakuwa hata karibu na boneti. Alikuwa nyuma, mlango wazi, akimsaidia mama mkwe wake kukaa. Bi Sitti ana nyonga mbovu, na ukitaka kulijua gari, mpe mwenye nyonga mbovu alikalie. Kiti kilikuwa chini mno. Mama aliuma mdomo, akaguna.

"Hili silitaki," Sumayiya akasema.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ukiniuliza mimi, ulichelewa. Tangu mumewe Nasif afariki, miaka miwili sasa, Abudu kaka wa marehemu ndiye aliyekuwa akimwamulia kila kitu: fundi gani, tairi gani, hata barabara ya kupita. Gari la Nasif likafa injini mwezi uliopita katikati ya Kawempe, wagonjwa wawili wamo ndani. Na kazi ya Sumayiya ndiyo hiyo, kuwapeleka wazee wa Kawempe hospitalini Nakasero kusafishwa figo, na kuwarudisha nyumbani wakiwa hoi. Wazee hao walikuwa wamemwambia kwa upole kabisa kwamba ikifika Jumatatu hana gari, watatafuta mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Ndiyo maana walikuwa Kansanga, kwenye yadi ya kukodisha magari kwa mwezi. Unalipa, unatumia, ukishindwa unalirudisha. Malipo ya kwanza Sumayiya alikuwa nayo mkobani. Kilichobaki ni mdhamini, na mdhamini ni Abudu.

"Nataka lile," Sumayiya akasema, akionyesha gari dogo jeupe la umeme lililosimama kando ya ukuta. Alikwisha kulikalia mbele na nyuma. Viti vyake vilikuwa juu, mtu anaingia bila kujikunja.

Abudu akacheka. "Kipya kinyemi kingawa kidonda. Umeme wa Kawempe unavyokatika hukuuona?"

"Ukikatika nitachaji Nakasero. Nawangoja wale wagonjwa saa nne nzima. Gari nalo lingoje likila."

"Gari lisilonguruma utajuaje kama ni zima? Mimi nimeendesha miaka thelathini."

"Umeendesha mbele, shemeji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyuma hujawahi kukaa."

Karani wa yadi, Marlène, Mkongomani wa Bukavu mwenye Kiswahili cha kwao, alizuia kicheko kwa kiganja. Akasema, "Papa, mbona musilijaribu? Mupande mpaka juu ya Muyenga, murudi."

Abudu akashika usukani kwanza, maana ndivyo alivyozoea. Marlène alikaa pembeni yake, Sumayiya na mama nyuma. Kioo cha mbele ya usukani kilisema gari lina umeme wa kilomita mia na themanini. Walipofika juu ya kilima kikasema mia na sabini na moja. Abudu akakinyooshea kidole. "Mnaona? Kilima kimoja tu, tisa zimeliwa."

Sasa kuna jambo moja ambalo madereva wa Kampala wanalijua kuliko majina ya watoto wao. Mji wote ni vilima. Ukifika kileleni unatoa gia, unaweka firii, gari linateremka lenyewe na petroli inapumzika. Abudu alilishwa kwa firii, na watoto wake wakalishwa kwa firii. Marlène alifungua mdomo kumwambia kitu, akanyamazishwa kwa mkono. Abudu akaweka firii.

Gari likashuka kama jiwe. Kwenye kona akakanyaga breki, mama akarushwa mbele. Tuta likaja, akakanyaga tena. Sumayiya alikuwa amemkumbatia mama kiunoni kwa mikono yote miwili. Walipofika yadi kioo bado kilisema mia na sabini na moja.

"Limekula, halikurudisha kitu," Abudu akasema. "Yamekwisha hayo."

"Hayajaisha. Shuka."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Abudu alishuka, nadhani kwa mshangao, akahamia pembeni na Marlène akaja nyuma. Sumayiya akapanda kilima kilekile. Kileleni kioo kikasema mia na sitini na mbili. Mkono wa Abudu ukaenda wenyewe kwenye gia.

"Weka firii."

"Toa mkono."

Akaiacha gia ilivyo, akainua mguu tu. Gari likajizuia lenyewe, taratibu, na kioo kikaanza kupanda. Mia na sitini na tatu. Na nne. Breki alizigusa mara moja, kwa ajili ya mbuzi. Walipofika chini, ilikuwa mia na sitini na saba.

"Ndicho nilichotaka kumwambia papa," Marlène akasema. "Mukitoa gia munalinyima chakula. Kuteremka ndiko kunakolijaza."

Mtu mwingine angecheka yaishe. Abudu akakichukua kitambulisho chake alichokuwa amekiweka mezani kwa Marlène, akakirudisha mfukoni. "Namba za kwenye kioo si gari. Petroli, au sisaini."

Katika nyumba ile mkwe hamwombi mama jambo kubwa moja kwa moja. Husema na Abudu, Abudu ndiye anayefikisha, na kwa miaka miwili mengi hayakufika. Sumayiya alilijua hilo. Akapiga goti mbele ya mlango wa gari, akamtazama mama machoni.

"Mama, nakuomba wewe. Unidhamini."

"Shemeji, huna adabu," Abudu akasema.

"Adabu ninayo. Nimechoka kuipitisha kwako."

Bi Sitti alimtazama mwanawe muda mrefu. "Ile nyumba unayolala, Abudu, hati yake ina jina la nani?"

"Lako, mama," Abudu akasema.

"Binti, lete karatasi," mama akamwambia Marlène. "Na kuteremka huko, mara ya pili, nyonga yangu haikuniuma."

Jumatatu asubuhi gari la Abudu lilikuwa limekauka petroli. Akaja getini, akasema anaelekea mjini, kana kwamba ni habari tu. Mbele alikuwa amekaa mama, anakwenda kuonwa nyonga. Kwa hiyo Abudu alikaa nyuma, kati ya wazee wawili wa figo, magoti yamebanana.

Walipoanza kuteremkia Bwaise akavumilia kidogo, akashindwa.

"Weka firii, Sumayiya."

"Dereva ni mimi, shemeji," akasema, na gia hakuigusa.