Kura Iliyobaki

Pazi anasimulia kwamba siku ile bungeni, jina la mbunge wao lilipoitwa ili aseme ndiyo au hapana, mtu hakuonekana. Likaitwa tena. Kumbe, anasema Pazi huku akijipiga paja kwa kicheko, Mheshimiwa Deogratias kajifungia chooni, anachungulia kwenye tundu la kitasa kama kura imekwisha. Nani alimwona? Si Pazi. Kaambiwa na mtu wa stendi ya Msamvu, naye kaambiwa na dereva wa basi la Dodoma.

Mwanvita, jirani yake, hakucheka. Yeye alikuwa na pilipili manga shambani, na shamba lenyewe ni la ukoo wa mama yake. Mjomba Yusuph, mwenye kauli juu ya ardhi hiyo, alishamwambia: nchi ikijitoa kwenye Umoja wa Soko la Mazao, kama inavyopigiwa kura bungeni, wanunuzi wa nje hawatapanda tena mlimani, basi mashina yakatwe, ipandwe mihogo. Na mashina yale ndiyo kwanza yameanza kushika vishada, baada ya miaka ya kuyapalilia na kuyafunga kwenye miti kwa kamba za mgomba.

Kwa hiyo Mheshimiwa alipokuja kueleza kura zake, Mwanvita aliwahi ofisi ya kijiji, akakaa mbele kabisa.

Mheshimiwa alifika viatu vimegeuka madongo ya tope. Akavivua, akapanda barazani na soksi zilizotoboka.

"Najua yanayosemwa," alianza. "Kura ya kwanza ilikuwa tujitoe papo hapo. Nilikataa. Ya pili, tujitoe baada ya msimu mmoja. Hiyo sikupiga. Na sikuwa chooni, Pazi, acha uzushi! Nilikuwa kitini kwangu, nimefumba mdomo."

"Bora ungekuwa chooni," Pazi akadakia, "tungejua una udhuru!"

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, kisha uso ukawa mzito. Akawaeleza habari za wakulima wa Kisaki, kule bondeni, ambao nao ni wapiga kura wake. Mchele wa nchi wanachama umejaa sokoni, wa kwao unaoza ghalani. Wao wanataka nchi itoke hata leo.

"Nyie pilipili, wale mpunga, na mimi ni mmoja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwanvita aliona kwamba mtu huyu hadanganyi, na hilo likamkera zaidi, maana mkweli asiyeamua ni kazi kumgombeza. Aliona pia mjomba wake, kule mlangoni, anaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekwisha kupata alichokifuata.

Ndipo akainuka, akaokota kiatu kimoja cha Mheshimiwa, akakipakata na tope lake.

"We binti!" mtendaji wa kijiji akafoka.

"Mwache," akasema Mwaisha, mke wa Pazi. "Mtani wake huyo. Ukoo wao na wa Mheshimiwa ndio wanaozikana."

Hapo hapakuwa na wa kumnyang'anya. Kitu kikishikwa na mtani hakichukuliwi kwa nguvu, hukombolewa, na mwenye kitu akinuna, yeye ndiye anayeonekana hakulelewa.

Mheshimiwa akaingiza mkono mfukoni. "Haya mtani, taja bei."

"Kwanza shikamoo."

"Marahaba."

"Hela yako kanunulie soksi, hizo zinacheka." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Kura ya mwisho, ya kujitoa au kubaki, ni wiki ijayo. Mjomba wangu yule pale mlangoni, na panga lake analo. Anakusikiliza wewe, akitoka hapa anaelekea shambani kwangu. Watu wa Kisaki wana haki ya kulia, sikuombi uwadanganye. Utakaloniambia mimi, kawaambie na wao vilevile. Ila safari hii usifumbe mdomo. Niambie, mtani, mjomba akisikia: utasema ndiyo, au utasema hapana?"

Mheshimiwa alimtazama Mjomba Yusuph. Akaitazama njia ya kuteremkia Bigwa, ambako gari lilikuwa likimngoja.

Mwanvita akaketi sakafuni palepale, akanyoosha miguu, kiatu mapajani.

"Nipo, mtani," akasema. "Niambie."